KUMVI, MAKAPI NA UTANDO WA KOKWA

Ndugu msomaji, katika ukurasa huu tumezoea kulichukua neno moja linalosikika nyumbani kila siku, tukalipeleka mbele ya Qur'ani Tukufu na Hadithi za Mtume s.a.w., ili tupate kujua lina uzito gani. Mwezi huu tumekichagua kitu ambacho kwa kawaida hufagiliwa na kutupwa jaani: ganda la nafaka na la tunda. Kumvi, wishwa, pumba, makapi, kokwa, makumbi. Vyote hivi ni vitu ambavyo mtu havitii katika hesabu yake. Walakini Mwenyezi Mungu amevitia katika Kitabu chake, tena si mara moja, wala si kwa maana moja. Amelitaja ganda kwa neema, amelitaja kwa adhabu, na amelitaja kwa mizani. Mwenye kuzifahamu njia hizi tatu atakuwa amefahamu jambo kubwa katika dini yake, na khasa katika haki za watu anaoishi nao nyumba moja.

MAJINA YA GANDA

Kwanza natuyatazame majina yenyewe, kwani Kiswahili ni tajiri katika mlango huu, na mwenye kulitumia jina pasipo mahali pake huiharibu maana.

Mpunga unapovunwa huwa na punje zilizojaa, na huwa pia na punje zisizo kitu ndani. Hizi zisizo kitu ndizo mapepe. Ukilitazama pepe kwa nje huwezi kulitambua: lina umbo la punje, lina rangi ya punje, na lilikua katika suke moja na wenziwe. Upepo ndio unaolifichua, kwani likirushwa kwa ungo hupeperuka. Kwa sababu hiyo mtu asiyetulia, mwenye maneno mengi na vitendo vichache, husemwa kuwa ana mapepe.

Punje zilizojaa zikitwangwa kinuni, ganda lake gumu la nje hubanduka. Hizo ndizo kumvi. Ndani ya kumvi mna ngozi nyembamba iliyoshikamana na mchele, nayo ikitwangwa tena hutoka kama unga mkavu. Huo ndio wishwa, na watu wengi huuita pumba, kama wanavyoziita pumba za mahindi. Makapi ni jina la jumla la maganda yaliyopetwa yakabaki bila ya punje. Na ile punje ya mpunga iliyokataa kuvuliwa ganda, ikabaki imejificha ndani ya mchele, ndiyo chuya, ambayo mpishi huitafuta moja moja kabla ya kuosha mchele wake. Kwa upande wa nazi, ganda la nje lenye nyuzi ni kumbi, na lile gumu la ndani ni kifuu. Ama tende haina ganda la kutwangwa, lakini ina kokwa, na kokwa hiyo nayo ina vazi lake, kama tutakavyoona.

Majina haya yamehama shambani yakaingia katika mazungumzo. Maneno yasiyo na maana huitwa pumba. Atakaye watu wapambanue baina ya lenye faida na lisilo faida huwaambia watenge mchele na pumba. Na aliyeghadhibika humwambia mwenziwe kuwa yeye ni makapi tu. Katika matumizi yote hayo, ganda ni alama ya kitu kilichokwisha thamani.

Lakini hiyo ni nusu ya maana. Wazee wetu waliijua nusu ya pili, wakasema: "Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno." Alichokitafuna mtu jana akakitema, leo ni mavuno kwa mdudu chungu. Basi thamani ya ganda humtegemea alitazamaye. Na ikiwa mdudu na mtu wanatofautiana katika kulitazama ganda moja, itakuwaje tukiuliza Muumba wake amelitazama vipi?

GANDA LILILO NEEMA

Katika Sura ya 55, Ar-Rahman, Mwenyezi Mungu anazihesabu neema zake. Anaitaja ardhi aliyoiweka kwa ajili ya viumbe. Kisha katika Aya ya 11 anataja matunda na mitende yenye akmam, na katika Aya ya 12 anataja nafaka yenye 'asf pamoja na mimea yenye harufu nzuri.

Akmam ni zile ala zinazofunika makole ya mtende kabla hayajafunuka. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa sana, kwani ni mfano wa karara la mnazi, lile ala gumu linaloficha kole changa mpaka ifike siku yake ya kupasuka. Ama 'asf, wanavyuoni wa tafsiri wameeleza kuwa ni majani ya mmea wa nafaka, au mabua yake makavu, au ganda linaloifunika punje. Imepokewa kwa Ibn Abbas r.a. kwamba ni ganda lililo juu ya punje, mfano wa lile linaloifunika ngano.

Tazama mpango wa maneno haya. Sisi twala punje, wala hatuli kumvi. Lau ingetajwa nafaka peke yake, tungeona kuwa neema imekwisha tajwa. Lakini Mwenyezi Mungu ameitaja nafaka pamoja na ganda lake, na papo hapo, katika Aya ya 13, ndipo linapokuja kwa mara ya kwanza lile swali lililokaririwa mara 31 katika sura hiyo, la kuwauliza watu na majini ni ipi katika neema za Mola wao wanayoikadhibisha. Kwa hiyo ganda limo ndani ya swali. Mwenye kuulizwa khabari ya wali wake, ataulizwa na khabari ya kumvi zilizoulinda mchele kabla haujawa wali.

Na kuulinda ndiyo kazi yake. Mpunga wenye kumvi hukaa ghalani muda mrefu kuliko mchele uliokwisha kobolewa, na mkulima hawezi kupanda mchele mweupe akatarajia uote. Kumvi ni kiasi cha sehemu moja katika sehemu tano za uzito wa mpunga. Mtu aliyebeba kilo 100 za mpunga kutoka shambani amebeba karibu kilo 20 za kumvi, wala hakubeba bure, kwani hizo 20 ndizo zilizozihifadhi 80 zilizobaki. Na baada ya kinu kazi haijesha: wishwa na pumba huliwa na kuku na ng'ombe, na kumvi huchomewa matofali. Nazi nayo ni vivyo hivyo. Katika pwani ya mashariki ya Unguja, wanawake wa Paje na Jambiani hufukia makumbi katika mchanga wa ufukweni kwa muda wa miezi, kisha huyafukua wakayaponda, wakapata usumba wa kusokotea kamba. Na kile kifuu ambacho wengine hukitia motoni, wazee wetu walikitia kishikio kikawa upawa wa kuchotea mchuzi, na kikawa kata ya kuchotea maji mtungini. Na ni wangapi waliotawadha kwa maji yaliyotoka katika kata!

Nyumba ya Mtume wetu s.a.w. nayo ina fundisho lake katika mlango huu. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Sahl bin Saad r.a. aliulizwa khabari ya chekeche, akaeleza kuwa Mtume s.a.w. hakuona chekeche tangu alipopewa utume mpaka alipofariki. Wakamuuliza ni vipi basi walikuwa wakiila shayiri isiyochekechwa. Akajibu kwamba waliisaga kisha wakaipuliza; kilichoruka kikaruka, na kilichosalia wakakitia maji wakakila. Huo ndio uliokuwa mkate wa mbora wa viumbe: mkate uliochanganyika na wishwa wake.

Hatusemi kuwa Qur'ani na Hadithi vimekuja kufundisha udaktari. Twasema tu kwamba mwenye kulidharau ganda hudharau asilolijua. Mwishoni mwa karne ya 19, katika kisiwa cha Java, ambacho wakati ule kilitawaliwa na Waholanzi, daktari mmoja jina lake Christiaan Eijkman aliwaona kuku wakilegea miguu na kushindwa kusimama, mfano wa watu wenye maradhi ya beriberi. Akatambua kuwa kuku hao walikuwa wakilishwa mchele uliosuguliwa mpaka ukawa mweupe, na kwamba walipopewa mchele wenye ngozi yake nyembamba walipona. Mwaka 1929 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Frederick Gowland Hopkins. Leo yajulikana kuwa katika ile ngozi nyembamba mna vitamini B1, ambayo mwili hauwezi kuishi bila yake. Watu walikuwa wakiutupa uhai wao pamoja na pumba, kwa kupenda weupe wa mchele.

GANDA LILILO ADHABU

Sasa natugeuze ukurasa. Neno lile lile la 'asf, lililotajwa katika Ar-Rahman kwa neema, limetajwa tena katika Sura ya 105, Al-Fil, katika Aya ya 5 ambayo ndiyo ya mwisho. Kisa chake ni mashuhuri. Abraha, mtawala wa Yemen mwenye asili ya Uhabeshi, alikwenda Makka na jeshi lenye tembo kwa nia ya kuibomoa Al-Kaaba, katika mwaka ule alipozaliwa Mtume s.a.w., ambao mashuhuri ni kuwa ulikuwa karibu mwaka 570. Mwenyezi Mungu akawapelekea ndege makundi kwa makundi wakawarushia mawe, akawafanya mfano wa 'asf iliyokwisha kuliwa.

Katika tafsiri nyingi za Kiswahili neno hili hapa huandikwa "majani". Si kosa, kwani 'asf ni majani ya mmea wa nafaka pia. Lakini mwenye kuisoma Aya hii pamoja na ile ya Ar-Rahman, akakumbuka na kauli ya Ibn Abbas tuliyoitaja, ataona picha nyingine: ganda lililoliwa punje yake, likabaki tupu, au makapi yaliyotafunwa na mnyama. Jeshi lilikuwa na umbo la jeshi, lina silaha, lina tembo, lina kelele. Kilichoondoka ni cha ndani. Na katika Kiarabu, asili ya neno 'asf ndiyo asili ya neno 'asif, upepo wa dhoruba uvunjao na kupeperusha. Katika Sura ya 14, Ibrahim, Aya ya 18, amali za waliomkufuru Mola wao zimepigiwa mfano wa jivu lililovumiwa na upepo katika siku ya 'asif, siku ya dhoruba. Kila kisicho na uzito ni mali ya upepo.

Mfano huu haukuanzia katika Qur'ani peke yake. Katika Zaburi ya kwanza, iliyo mikononi mwa Mayahudi na Wakristo, watu waovu wamefananishwa na makapi yapeperushwayo na upepo. Na katika Injili ya Mathayo, mlango wa 3, Nabii Yahya a.s., ambaye Wakristo humwita Yohana, amenukuliwa akitoa mfano wa mwenye kupepeta nafaka, akaikusanya ngano ghalani na kuyachoma makapi. Na katika Injili ya Luka, mlango wa 15, mna kisa cha kijana aliyeitapanya mali ya baba yake mpaka akatamani kula maganda waliyokuwa wakila nguruwe. Maganda hayo, wasemavyo wajuzi, yalikuwa ya mti uitwao kwa Kiarabu kharrub. Msomaji na aliweke jina la mti huu akilini, kwani tutalihitaji baadaye.

Mtume wetu s.a.w. naye alitumia mfano huu, tena kwa Waislamu, si kwa makafiri. Katika Sahihi ya Bukhari, kwa mapokezi ya Mirdas Al-Aslami r.a., ametupa khabari kwamba watu wema wataondoka mmoja baada ya mmoja, mpaka wabaki watu walio mfano wa makapi ya shayiri au ya tende, ambao Mwenyezi Mungu hatawajali kitu. Neno la Kiarabu ni hufala, nayo ni ile takataka ibakiayo chini baada ya kilicho kizuri kwisha kuchaguliwa. Ndugu zangu, khabari hii yatisha kuliko ile ya tembo. Jeshi la Abraha liliangamizwa, likaonekana kuwa limeangamia. Hawa wa Hadithi wamebaki. Wanatembea, wanauza na kununua, misikiti yao imesimama, na majina yao ni ya Kiislamu. Lakini mbele ya Mwenyezi Mungu hawana uzito.

Je, ina maana kwamba la nje halina kazi? La. Hapa wengi huteleza. Yuko asemaye: "Muhimu ni moyo, sala na funga ni maganda tu." Na yuko mwingine ambaye kanzu yake ni nyeupe na tasbihi yake ni ndefu, lakini jirani hasalimiki na ulimi wake. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 (505 Hijria), aliwajibu wote wawili katika kitabu chake Ihya. Katika mlango wa Tauhidi amepiga mfano wa jozi, tunda ambalo lina ganda la nje, na ganda la ndani, na kiini, na mafuta ndani ya kiini. Sisi wa pwani tunao mfano ulio karibu zaidi, nao ni nazi: ina kumbi, ina kifuu, ina nazi yenyewe, na ndani ya nazi mna mafuta. Kuitamka shahada kwa ulimi hali moyo umeghafilika ni kama lile ganda la nje. Halifai kuliwa, na hata ukilitia motoni hutoa moshi. Lakini hulinda kwa muda, kama vile yule aliyetamka shahada anavyohifadhika damu yake hapa duniani. Kuisadiki kwa moyo ni kama ganda la pili, lenye nguvu na manufaa zaidi. Kisha zipo daraja mbili nyingine za wale waliofunguliwa macho ya nyoyo, wakafikia kiini na mafuta.

Fundisho ni wazi. Kumbi bila ya nazi ni takataka, na nazi isiyo na kumbi wala kifuu huoza. Sala ya nje huilinda imani ya ndani, na imani ya ndani huipa sala uzito. Ganda la Ar-Rahman na ganda la Al-Fil ni ganda moja. Lililobadilika ni jambo moja tu: katika la kwanza mna punje, na katika la pili hamna kitu.

GANDA LILILO MIZANI

Njia ya tatu ndiyo inayogusa zaidi nyumba zetu, nayo imefichika katika kokwa ya tende.

Chukua tende, uile, kisha uitazame kokwa yake kabla hujaitupa. Utaona juu yake utando mwembamba sana, mwembamba kuliko karatasi. Huo Waarabu huuita qitmir. Utaona upande mmoja mna mfereji, na ndani ya mfereji mna kiuzi. Hicho huitwa fatil. Na upande wa mgongoni mna kitone kidogo, mahali unapochomoza mche; hicho huitwa naqir. Hapana mtu atakayenunua hata kimoja katika hivi vitatu, wala hapana mwizi atakayekiiba. Navyo vyote vitatu Mwenyezi Mungu amevitumia kuwa vipimo.

Qitmir ametaja katika Sura ya 35, Fatir, Aya ya 13, kwamba hao wanaoabudiwa badala yake hawamiliki hata utando huo. Mwenye uungu wa uwongo hana hata cha kuivika kokwa ya tende. Ama fatil na naqir, vimetajwa mara nne katika sura moja: fatil katika Aya ya 49 na ya 77, na naqir katika Aya ya 53 na ya 124. Sura hiyo ni ipi? Ni Sura ya 4, An-Nisaa, sura ya Wanawake. Ndiyo yenye kueleza mali ya mayatima, na mahari, na mafungu ya mirathi. Katika Aya ya 53 wanalaumiwa watu ambao lau wangekuwa na sehemu katika ufalme, wasingewapa wenziwao hata kitone cha kokwa. Na katika Aya ya 124 pana ahadi kwamba afanyaye mema, awe mwanamume au mwanamke, hali ya kuwa ni Muumini, hatadhulumiwa hata kiasi cha kitone hicho.

Sasa unganisha hayo na Aya ya 7 ya sura hiyo hiyo. Humo Mwenyezi Mungu amewapa wanaume fungu katika walichokiacha wazazi na jamaa, na amewapa wanawake fungu, akabainisha kuwa ni katika kilicho kidogo na kilicho kingi, fungu lililofaradhishwa. Kidogo kimetangulizwa mbele ya kingi. Kwani kingi kina mashahidi na mahakimu, na kidogo ndicho kinachopotea.

Hapa ndipo maneno ya ganda yanapoleta dhuluma katika nyumba za Waislamu. Mtu amefariki. Ndugu wa kiume hukaa kikao, dada akauliza fungu lake. Huambiwa: "Wewe una mumeo; na hapa kuna nini cha kugawana? Pamebaki vitu vidogo vidogo tu." Mjane huulizwa kwa nini anakithamini kinu, na mbuzi ya kukunia nazi, na mikeka miwili. Yatima huambiwa kuwa minazi ya babake imezeeka, haina kitu. Yaani mali ya marehemu, ikiwa mikononi mwa mwenye nguvu, ni mchele. Ikitakiwa na mnyonge, huitwa makapi! Naye Mwenyezi Mungu amekwisha sema katika Aya ya 10 ya sura hiyo kwamba walao mali ya mayatima kwa dhuluma hula moto matumboni mwao.

Na turudi sasa kwenye ule mti wa kharrub. Ganda lake katika Kiyunani huitwa keration, na hilo ndilo neno lililoandikwa katika kisa cha Luka. Mbegu zake zilitumiwa na watu wa zamani kupimia uzito mdogo, na kwa hiyo jina likaingia katika Kiarabu likawa qirat, na leo sonara hutuuzia dhahabu kwa karati: iliyo safi ni karati 24, na yenye sehemu 18 za dhahabu na 6 za madini mengine ni karati 18. Basi chakula cha nguruwe cha kisa kile kimekuwa kipimo cha bangili za bibi arusi! Na kuna zaidi. Wanavyuoni wa mirathi katika nchi kama Misri wamezoea kuihesabu mali ya maiti kuwa ni qirat 24, kisha wakampa kila mrithi qirat zake.

Mathalan, mtu amefariki akaacha mke, na mwana mmoja wa kiume, na binti mmoja, wala wazazi wake hawako hai. Baada ya gharama za maziko na madeni na wasia, limebaki shamba lenye minazi 24 iliyo sawasawa. Mke ana thumni, yaani moja katika nane, kwa sababu marehemu ameacha watoto. Basi yake ni minazi 3. Inabaki 21. Mwana wa kiume hupewa mafungu mawili na binti fungu moja. Basi kijana ana 14 na binti ana 7. Hesabu imekwisha, wala haikuchukua muda wa kuchemsha maji ya chai. Ikiwa binti amepewa 6 kwa kuwa mmoja "si kitu", huo mmoja ni mkubwa mara ngapi kuliko kitone cha kokwa?

Na kwa upande wa kheri, kipimo ni hicho hicho. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume s.a.w. ameeleza kuwa mwenye kuhudhuria jeneza mpaka likasaliwa ana qirat moja ya thawabu, na mwenye kukaa mpaka maiti akazikwa ana qirat mbili. Akaulizwa ni kiasi gani hizo mbili, akajibu kwamba ni mfano wa milima miwili mikubwa. Kile ambacho kwetu ni kipimo cha mbegu, kwa Mwenyezi Mungu ni mlima. Na amesema pia, katika Hadithi ya Adiy bin Hatim r.a., kuwa watu wajikinge na moto hata kwa nusu ya tende.

MAMBO MATATU YA KUSHIKA NYUMBANI

Baada ya maelezo haya, ndugu msomaji, yatupasa tushike mambo matatu.

La kwanza ni la jikoni. Mama anapopeta mchele, na watoto wakiwa karibu naye, awaonyeshe pepe, na chuya, na kumvi, kila kimoja kwa jina lake, na awaambie kuwa ganda hilo limetajwa katika Ar-Rahman. Mtoto aliyefundishwa kushukuru kwa kumvi hatamwaga wali.

La pili ni la ulimi na moyo. Asiambiwe mtoto mzito wa kusoma, wala mke, wala jamaa maskini, wala mtumishi wa nyumba, kuwa yeye ni pumba au makapi. Sura ya 49, Al-Hujurat, Aya ya 11, imetukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Uzito wa mtu haujulikani mpaka upepo uvume, na mwenye kuupima siye wewe. Badala yake, kila mmoja wetu ajipete mwenyewe. Aiulize sala yake kama mna punje ndani, au ni ganda lililobaki kwa mazoea. Hadithi ya makapi ya shayiri haikuletwa ili tuwatazamie wengine.

La tatu ni la haki. Aliyekalia mirathi isiyogawanywa, ijapokuwa ni vyombo vya jikoni, na aite wanavyuoni, awaite warithi wote, wanaume kwa wanawake, wakubwa kwa wadogo, mali igawanywe kwa mafungu yake. Wala asiseme kuwa kilichobaki ni kidogo. Akitaka kujua kidogo ni kipi, na ale tende moja, aitazame kokwa yake, akumbuke kuwa kitone kile cha mgongoni kimeandikwa katika Kitabu, na kwamba Siku ya Kiyama kitapimwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe punje zenye uzito, wala asitujaalie kuwa makapi ya kupeperushwa na upepo. Na atuepushe na haki ya mtu, ingawa ni ya kiasi cha utando wa kokwa ya tende. Amin.